Mwuguzi Aliyewasikiliza Wenye Maradhi ya Akili

Tarehe 17 Machi 1999, huko California katika nchi ya Marekani, alifariki dunia Bibi Hildegard Peplau, naye alikuwa na umri wa miaka 89. Majumbani mwetu jina lake ni geni, lakini wauguzi wa maradhi ya akili humhesabu kuwa mama wa kazi yao.

Alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Reading, Pennsylvania. Ile homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 ilimkuta angali mtoto, akaona wagonjwa wakiweweseka na jamaa zao wakihangaika. Mwaka 1931 akahitimu uuguzi, na wakati wa vita vikuu vya pili akahudumu Uingereza katika hospitali ya askari waliopatwa na maradhi ya akili.

Zama hizo kazi ya mwuguzi katika hospitali za wazimu ilikuwa zaidi ni kulinda: kufunga milango, kuosha, kulisha, na kungojea amri ya dakitari. Bibi huyu alishika jambo jingine. Alifundisha ya kwamba mazungumzo baina ya mwuguzi na mgonjwa ni tiba, tena mwuguzi aitazame kwanza nafsi yake, kwani wasiwasi wake humwingia mgonjwa. Mgonjwa akisema, "Wananichukia," asikanushwe wala asichekwe, aulizwe kwa upole, "Ni nani hao?"

Kitabu chake alikimaliza mwaka 1948, kisichapwe hata 1952, kwa kuwa ilionekana haifai mwuguzi kuandika mambo kama hayo pasi na dakitari kutia jina lake. Kilipotoka, kilikuwa na jina lake peke yake.

Tangu 1954 hata 1974 alisomesha katika chuo kikuu cha Rutgers, na wakati wa kiangazi akizunguka katika hospitali za serikali kuwafunza wauguzi. Wanafunzi wake waliandika maneno waliyosemezana na wagonjwa, kisha akayapitia pamoja nao. Ama sisi walimu wa chuoni twaijua taabu ya kazi hiyo!

Nami nimekwisha kuingia katika nyumba ambayo kijana mgonjwa amekaa chumba cha uani miaka mingi. Niliuliza hali yake, wakajibu wazee wake, naye yupo, anasikia. Siku ya pili nikamwuliza mwenyewe. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akanijibu.