Chango, Mbalamwezi na Kamba ya Kuruka

Nkome, kata ya wavuvi iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria mkoani Geita, watu wanauhesabu mwezi. Giza likiwa totoro, mitumbwi ya dagaa inaingia majini na taa zake. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawazifuati taa, na mwalo unapoa. Wasichana nao wana mwezi wao wa kuhesabu, ila huo hautangazwi. Utaujua utakapomwona binti aliyezoea kuanika dagaa tangu alfajiri amejikunja kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, kanga kaikaza kiunoni. Ukiuliza ana nini, mama mtu mzima atakujibu kwa neno moja: "Chango." Ukikaa kidogo atakutajia na dawa: "Akizaa litaisha."

Neno lake lina chembe ya ukweli, kwani kwa wanawake wengi maumivu ya hedhi hupungua baada ya kuzaa. Lakini hakuna tabibu atakayemwandikia binti wa kidato cha pili mimba kwenye cheti cha dawa. Afadhali tuliangalie hilo chango lenyewe.

Kila mwezi mji wa mimba hujitandikia utando laini wa kupokea mimba. Mimba isipotunga, homoni ya projesteroni hushuka, utando huanza kubomoka, na ndani yake hutoka kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizi huuamuru msuli wa mji wa mimba ujikamue ili damu na mabaki ya utando yatoke. Zikizidi, msuli hukamua kama mtu anayenyonga kanga nzito aliyoifua ziwani. Mishipa ya damu inayopita ndani ya msuli huo nayo hubanwa, oksijeni hupungua, na hapo ndipo maumivu yanapozaliwa. Huja kwa mawimbi, yakashuka mapajani na kupanda mgongoni. Prostaglandini zikipenya kwenye damu, binti huharisha, hutapika au huumwa kichwa. Kwa kawaida hali hiyo hudumu siku moja hadi tatu.

Jina la kemikali hizo lina kichekesho chake. Mwaka 1935 Ulf von Euler wa Sweden alizipa jina la tezi dume, akidhani ndiko zinakotoka. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba dawa za jamii ya aspirini huzuia mwili kuzitengeneza, na mwaka 1982 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu kwa maumivu ya hedhi ibuprofeni husaidia kuliko Panadol: inakata mambo kwenye chanzo, hasa ikimezwa mapema na chakula kikiwa tumboni. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza kabla ya kuimeza.

Na mazoezi je? Mwaka 2019 mtandao wa kitabibu wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za dunia nzima, ulichapisha uchambuzi juu ya suala hili. Waliofanya mazoezi kwa dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki au zaidi, walipungukiwa na maumivu kwa takriban alama 25 katika kipimo cha alama 100, wakilinganishwa na wasiofanya kitu. Yaani binti ambaye angesema maumivu yake ni 60 angesema 35. Aina ya zoezi haikuwa na uzito mkubwa: mbio, yoga au kujinyoosha, yote yalielekea kusaidia. Misri walijaribu hata dansi ya Zumba, nayo ikaleta nafuu.

Namna mazoezi yanavyofanya kazi haijafungwa kwenye jibu moja. Huongeza mzunguko wa damu nyongani, huufanya mwili utoe endofini, ambazo ni dawa yake yenyewe ya maumivu, na hupunguza homoni za msongo. Watafiti wa Cochrane wenyewe walionya kwamba ushahidi wa nafuu hiyo bado si imara. Tafiti zilikuwa ndogo, na mtu hawezi kufichwa kwamba anaruka kamba, kama anavyoweza kufichwa kidonge kipi ni dawa na kipi ni unga. Lakini kamba haina gharama wala madhara ya kuogopesha, na hakuna ushahidi kwamba kucheza ukiwa kwenye siku zako huharibu kizazi.

Hapo mama wa mwaloni atacheka. Mazoezi? Huyu binti amebeba ndoo tangu saa kumi na moja, amelima, ametembea hadi shule na kurudi! Hoja yake ni nzito. Lakini tafiti hizo hazikupima ndoo kichwani. Zilipima mwili unaochezeshwa kwa mpangilio, kwa hiari, kisha ukapumzishwa. Anayeinama juu ya dagaa saa nne mfululizo anachoka mgongo, ila moyo wake haukimbii na nyonga zake hazinyooki. Kazi haihesabu dakika, wala haimngojei mtu apumue.

Jambo jingine linalosahaulika ni wakati. Mazoezi haya hayangoji chango lije. Yanafanywa mwezi mzima, na nafuu hupimwa baada ya mizunguko miwili au mitatu. Rede inatosha, kamba inatosha, netiboli ya shuleni inatosha, hata ngoma. Siku ya maumivu yenyewe, binti atandike mkeka, apige magoti, akalie visigino, kisha ainame mbele taratibu hadi paji la uso liguse mkeka na mikono inyooke. Apumue polepole dakika chache. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu nayo husaidia.

Yapo maumivu ambayo kamba haiyawezi. Yakianza ukubwani, yakizidi mwaka hadi mwaka, yakija hata nje ya hedhi, au damu ikilowesha pedi kila saa, nenda kituo cha afya. Ugonjwa wa endometriosisi, ambao utando wa aina ya ule wa mji wa mimba huota nje yake, huwapata wanawake wapatao 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Na Kanda ya Ziwa tusisahau kichocho: mayai yake yanaweza kukwama kwenye viungo vya uzazi na kuleta maumivu na damu isiyo ya mwezi.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, kinachohitajika ni kama saa moja, mara tatu kwa wiki. Nkome saa hiyo ndiyo adimu kuliko kamba. Pa kuanzia ni zile siku za mbalamwezi, mitumbwi imelala mchangani na hakuna dagaa wa kuanika. Mama amwachie binti jioni hiyo. Dagaa watakaporudi, saa yake iwe imeshazoeleka nyumbani.