Jedwali limepotea saiba? Huenda halikuwa kwenye tasnifu yako

Ni saa kumi jioni na tasnifu inafaa kuwasilishwa kesho asubuhi. Uko saiba, flashi imeingia, kurasa zinatoka kwa printa moja baada ya nyingine. Unafika sura ya nne. Pale palipokuwa na jedwali la matokeo, pameandikwa tu: "Error! Not a valid link."

Na nyumbani lilikuwa sawa kabisa! Limeenda wapi?

Ukweli ni kwamba jedwali hilo halikuwa ndani ya hati yako. Unapotoa jedwali kwenye Excel na kulibandika kwenye Word, unaweza kuliunganisha au kulipachika. Ukiliunganisha, Word huweka sura ya jedwali pamoja na anwani ya faili lilikotoka. Ukilipachika, data yenyewe huingia kwenye hati na kusafiri nayo.

Sasa, laptopu yako huenda inaiita flashi hiyo E, lakini ile ya saiba inaiita F. Ama faili ya Excel uliiacha nyumbani. Word ikifuata anwani ili kusasisha jedwali kabla ya kuprinti, haipati kitu.

Ukikutana na masaibu haya, usisevu! Funga hati bila kuhifadhi, kisha uifungue tena. Word ikiuliza kama unataka kusasisha viungo, jibu "No". Mara nyingi jedwali hurudi jinsi ulivyoliacha.

Kabla ya kuprinti tena, nenda "File", kisha "Info", ubonyeze "Edit Links to Files". Chagua kiungo, halafu "Break Link". Jedwali litabaki lilivyo, bila kutafuta faili yoyote. Ikiwa faili ya Excel unayo, tumia "Change Source" kuonyesha iliko.

Basi si afadhali kupachika kila kitu? Ngoja kwanza. Ukipachika, kitabu kizima cha Excel kinaweza kuingia kwenye hati. Mtu akibofya jedwali mara mbili, anaweza kufungua kurasa zingine, zikiwemo zenye majina na nambari za simu za watu uliowahoji na kuwaahidi siri.

Kwa hivyo kabla ya kutoka nyumbani, vunja viungo kwenye nakala ya kuprinti, isevu kama PDF, na uikague ukurasa kwa ukurasa. Saiba peleka hiyo PDF.