TUMBUSI AKILA SUMU, NASI TUMO HATARINI

Na Mganga wa Zahanati, Hale



Ng'ombe akifa porini, nani huondoa mzoga? Mara nyingi ni tumbusi. Wengine humwita tai. Watu wengi humchukia kwa sababu hula mizoga. Lakini yeye ni bwana afya wa porini. Tumboni mwake mna asidi kali inayoua vijidudu vingi vya maradhi.

Tumbusi wakitoweka hutokea nini? Tuitazame India. Huko ng'ombe walipewa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki. Tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao waliharibika figo, wakafa. Katika aina tatu za tumbusi, zaidi ya 95 katika kila 100 walitoweka. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka. Mbwa wengi huleta hatari ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2006 serikali ya India ilikataza dawa hiyo isipewe mifugo.

Kwetu Afrika adui mkubwa ni sumu. Simba au fisi akila ng'ombe, wafugaji wengine hutia sumu ya wadudu katika mzoga. Majangili nao hutia sumu, maana tumbusi wakizunguka angani askari wa wanyama hujua penye mzoga. Nchini Botswana, mwaka 2019, tumbusi 537 walikufa kwa mizoga ya tembo watatu iliyotiwa sumu.

Kituo cha kuwatibu

Katika nchi jirani ya Kenya, karibu na ziwa Elmenteita, kipo kituo cha Soysambu. Hapo hutibiwa tai, bundi na tumbusi. Wengine wamevunjika mbawa. Wengine wamepigwa na umeme wa nyaya kubwa, kama hizi zipitazo hapa Hale.

Tumbusi aliyekula sumu hulegea, hawezi kusimama. Watibabu huosha mfuko wa chakula ulio shingoni mwake. Humpa maji na sindano ya atropini. Akipata nguvu huachiwa aruke. Asiyeweza kuruka tena hutunzwa hapo.

Ukizuru kituo cha namna hii, usipige kelele na usiguse ndege. Ukitoka, nawa mikono kwa sabuni.

Dawa ile ile

Ndugu zangu, atropini hiyo ndiyo apewayo mtu aliyepatwa na sumu za namna hiyo. Sumu iuayo tumbusi humuua mtu pia. Dalili zake ni mate mengi, jasho, kutapika, kuharisha, mboni ndogo za macho na kupumua kwa shida.

Ukimwona mtu mwenye dalili hizo:

1. Mwondoe penye sumu. Mvue nguo zilizolowa sumu. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi. Wewe jikinge mikono.
2. Usimtapishe, wala usimpe maziwa.
3. Akizimia, mlaze kwa ubavu.
4. Mkimbize zahanati au hospitali. Chukua na chupa ya sumu, mganga aisome.

Tukumbuke

Tusitie sumu katika mizoga wala mtoni kwa kuvulia samaki. Tusile nyama ya mnyama tuliyemkuta amekufa. Huenda alikula sumu, au aliugua kimeta. Chupa ya sumu tusiitie maji wala mafuta ya kula. Dawa za shamba tuzifungie mbali na watoto.

Tukimlinda tumbusi na sumu, tumewalinda watoto wetu pia.