KISHIKIO CHA NGAZI: USISUBIRI MZEE AANGUKE NDIPO UITE FUNDI

Katika afya ya familia tumezoea kuzungumzia malaria, maji safi na vyoo. Leo, ndugu msomaji, tutazame kitu tunachokipita kila siku bila kukitazama: ngazi ya nyumba, na mbao ya kushikia iliyo pembeni yake.

Huenda ndugu yetu wa Msowero akasema, "Sisi huku Kilosa nyumba zetu nyingi ni za chini, ngazi zinatuhusu nini?" Zinatuhusu sana. Hii ni wilaya ya mito na mvua kubwa. Wengi tunakumbuka Mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, na familia ngapi zilikosa makazi. Mwenye kujenga kwa kuogopa maji huinua msingi, na msingi ukiinuka hapana budi barazani pawe na ngazi tatu, nne au tano. Wapo pia wenye nyumba za zamani zenye ngazi za mbao za kupandia juu. Ngazi tatu zinatosha kumvunja mzee nyonga.

Tujaalie hali hii. Bibi ameamka kabla ya adhana ya Alfajiri. Umeme umekatika. Anashuka barazani kwenda kuchukua udhu, na anaporudi nyayo zake zina maji na kandambili zinateleza. Anaunyosha mkono kushika mbao ya pembeni, mbao ile ile aliyoizoea miaka yote, nayo inang'oka kwa sababu mchwa wamekwisha kuila kwa ndani. Kishikio kibovu ni hatari kuliko kukosa kishikio kabisa, kwani aliyekosa hutembea kwa tahadhari, lakini mwenye kishikio kibovu hukiegemea kwa kukiamini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaofariki zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Hata asiyefariki, akivunjika nyonga huenda asisimame tena bila msaada.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud, Mtume (SAW) alimuonya mtu anayelala juu ya dari isiyo na kizuizi pembeni, kwamba huyo ameondokewa na dhima. Maana yake ni kwamba kuweka kizuizi ni wajibu wetu, na kutawakali hakutuondolei wajibu huo. Tena tumefundishwa kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Basi ni njia gani inayopitwa zaidi kuliko ngazi ya nyumbani?

KAGUA KWANZA

Chukua bisibisi, bonyeza mbao chini ya nguzo na kwenye maungio. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa. Gonga kwa kidole. Mlio wa uwazi ni dalili ya mchwa. Kisha mtu mzima aegemee kishikio kwa uzito wake wote, huku mwingine amemshika. Kikicheza, kisitumike mpaka kitengenezwe. Pima pia urefu wa kila ngazi. Zote zinatakiwa ziwe sawa, kwani mguu hukariri hatua ya kwanza na ya pili, na ya tatu ikizidi hata kwa sentimita moja au mbili, mtu hujikwaa. Usiweke kishikio kizuri juu ya ngazi mbovu.

KUCHAGUA MBAO

Mninga na mkongo ni mbao ngumu zinazodumu. Mtiki nao ni mzuri, na kwa mkoa wetu wa Morogoro haupo mbali, kwani shamba la mitiki la serikali liko Mtibwa, wilaya ya Mvomero. Msonobari, ambao mafundi wengi huuita msindano, ni wa bei nafuu lakini huliwa haraka usipotiwa dawa. Mbao yoyote iwe imekauka vizuri, kwa sababu mbichi ikishafungwa husinyaa, maungio yakalegea na skrubu zikacheza.

Dai risiti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mazao ya misitu yavunwe na kusafirishwa kwa kibali. Mbao ya magendo ni rahisi, lakini ni mali ya kijiji au ya umma iliyochukuliwa bila haki. Si vizuri mzee wetu akaegemea haramu akienda kuswali.

VIPIMO VYA KUMPA FUNDI

Kishikio kiwe juu ya ncha ya ngazi kwa sentimita 90 hadi 100. Kiwe cha mviringo, unene wa sentimita 4 hadi 5, ili kiganja kikizunguke. Mbao pana bapa haishikiki mtu anapoteleza. Kikiwa ukutani, kiachwe nafasi ya sentimita 5 vidole vipite. Kianze kabla kidogo ya ngazi ya kwanza na kimalizike baada ya ngazi ya mwisho, na panapokaa mzee kiwekwe pande zote mbili.

Fito za katikati zisimame wima na nafasi kati yake isifike sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Fito za kulala mtoto huzifanya ngazi ya kupandia. Nguzo zifungwe kwa bolti, si misumari mitupu, na mguu wa nguzo ukae juu ya kipande cha chuma ili mbao isiguse sakafu yenye maji.

HATARI ILIYOMO NDANI YA UKARABATI

Hapa ndipo wengi tunapoponya kidonda na kujitia kingine. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Fundi akipiga msasa mkavu, vumbi lile huruka na kutua sakafuni, kwenye vyombo na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na madhara makubwa ni kwa ubongo wa watoto wadogo. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Kwa hiyo watoto na wajawazito wakae mbali wakati wa kazi. Lowesha rangi ya zamani kwa maji kabla ya kupiga msasa. Tandika turubai chini, kisha futa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kwa ufagio mkavu. Fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kwani vumbi la mbao lenyewe, hata lisilo na rangi, limethibitishwa kuwa husababisha saratani ya pua kwa wanaolivuta miaka mingi. Kazi ikiisha aoge na abadili nguo kabla ya kuwabeba watoto wake.

Mama wa nyumbani, sikiliza hili kwa makini: vipande vilivyobaki visiende jikoni. Mbao yenye rangi ya zamani ikichomwa hutoa risasi katika moshi na majivu. Mbao ya kijani iliyotiwa dawa ya viwandani mara nyingi ina shaba, kromiamu na arseniki, ambayo ni sumu. Usipikie, usitandikie kuku unga wake, wala majivu yake usiyatie bustanini.

Na ile desturi ya kupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa, isitumike kwenye kishikio. Ina kemikali zinazoweza kuleta saratani, na kishikio hushikwa na kila mkono, ukiwemo wa mtoto anayelamba vidole. Tumia vanishi au rangi iliyoandikwa kuwa haina risasi, na iachwe ikauke vizuri huku madirisha yakiwa wazi.

MTU AKIANGUKA

Usimnyanyue kwa kumvuta mikono, wala usikimbilie kumkanda. Akilalamika nyonga, mgongo au shingo, mwache alale, mzuieni asijisogeze, kisha apelekwe hospitali juu ya ubao au kitanda. Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia kusiko kwa kawaida au akachanganyikiwa, apelekwe haraka hata kama hana jeraha.

Ndugu zangu, kishikio cha mbao kwa ngazi nne za baraza ni kazi ya fundi seremala ya siku chache. Matibabu ya nyonga ni ya miezi, na kumuuguza mzee kitandani huenda kukawa kwa miaka. Ijumaa hii ukirudi msikitini, kabla hujaketi kula, shika kishikio cha nyumba yako na ukitikise. Kikicheza, umeshajua wajibu wako.