Kolwezi: Kitabu kimoja cha picha, masomo ya wiki nzima nyumbani

Kwa mtoto wa miaka minne au mitano mjini Kolwezi, darasa la kwanza bado liko mbali. Elimu ya msingi katika shule za umma ilianza kutolewa bure Septemba 2019, lakini chekechea haimo katika mpango huo. Mzazi asiye na pesa za kulipa hubaki na mtoto nyumbani, katika mji ambao uchimbaji wa kobalti umeingia hadi kwenye viwanja vya nyumba za watu, kama ilivyotokea mtaa wa Kasulo kuanzia mwaka 2014.

Miaka hiyo ya kungoja shule si lazima ipotee bure. Ipo njia ya kumfundisha mtoto mdogo isiyohitaji ubao wala dawati: kitabu kimoja cha hadithi chenye picha husomwa kila siku kwa siku tano, na kila siku hutolewa somo jipya. Nchini Marekani, wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani waliizoea kupitia mwongozo uitwao Five in a Row, ulioandikwa na Jane Claire Lambert katika miaka ya 1990.

Matunda saba ya Handa

Mfano mzuri ni Handa's Surprise, kitabu cha Mwingereza Eileen Browne kilichotoka mwaka 1994 na kupendwa sana na watoto. Handa, msichana wa Kenya, anabeba kichwani kikapu chenye matunda saba ya aina mbalimbali kumpelekea rafiki yake Akeyo. Njiani, wanyama wanayachukua moja baada ya jingine bila yeye kujua. Maneno ya hadithi hayasemi kuhusu wizi huo. Ni picha zinazoonyesha.

Jumatatu, mtoto asikilize tu na kutazama. Jumanne ahesabu: tumbili amechukua ndizi, je, yamebaki mangapi? Jumatano aende sokoni na mama, atafute embe, nanasi na avokado, asikie bei zake kwa franka. Alhamisi apasue tunda, atazame mbegu na kupanda moja. Ijumaa asimulie hadithi yote kwa maneno yake mwenyewe, huku mzazi akifunua kurasa.

Hesabu, sayansi na lugha zimo ndani ya hadithi hiyo moja. Na kwa kuwa picha zinabeba nusu ya habari, hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuendesha somo.

Daraja la kwenda Kifaransa

Kwa watoto wa Lualaba, faida kubwa iko kwenye lugha. Nyumbani wengi huzungumza Kiswahili, lakini shuleni safari yao inaelekea kwenye Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, nafasi ya kufundishia. Hata hivyo, darasa likijaa kupita kiasi, mwalimu hapati muda wa kumsikiliza kila mtoto. Mtoto aliyekwisha kuielewa hadithi kwa Kiswahili hulipokea neno la Kifaransa akijua tayari linataja kitu gani.

Wamarekani waliwahi kukitumia Kiswahili hichohicho kwa watoto wao. Mwaka 1971, Muriel Feelings na mchoraji Tom Feelings walitoa Moja Means One, kitabu cha picha kinachofundisha kuhesabu kwa Kiswahili kutoka moja hadi kumi.

Vitabu vitatoka wapi?

Vitabu vya ng'ambo ni ghali na ni vigumu kuvipata. Lakini mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, unatoa bure hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mzazi anaweza kupakua hadithi kwenye simu mahali penye mtandao, akaisoma baadaye, au kuichapisha kwa karatasi. Kongo nayo ina wasanii wake: Dominique Mwankumi ameandika na kuchora vitabu vya watoto kwa Kifaransa, kikiwemo Prince de la rue, kinachohusu mtoto wa mitaani jijini Kinshasa.

Enzi za Gécamines, kampuni ilikuwa na shule za watoto wa wafanyakazi wake. Ilipodidimia, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 kuondoka katika mpango wa miaka ya 2003 na 2004, mzigo uliwaangukia wazazi. Uzito wake ulionekana tena shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona. Wanafunzi wengi walirudi Oktoba tu, kisha shule zikafungwa tena kuanzia Desemba hadi Februari 2021. Nyumba isiyo na kitabu hata kimoja haikuwa na cha kushika.

Kitabu cha picha hakichukui nafasi ya shule, wala hakiongezi chakula mezani. Masista wa Bon Pasteur, walioanza kazi Kolwezi mwaka 2012, huwafundisha watoto waliotoka migodini na pia huzisaidia familia kupata kipato kingine, kwa sababu njaa ndiyo inayomrudisha mtoto kwenye mashimo. Hata hivyo, mtoto anayefika darasa la kwanza akijua kufungua kitabu, kuhesabu hadi saba na kusimulia alichokiona anaanza akiwa na kitu mkononi. Dakika ishirini jioni, kabla ya giza, zinatosha kuanza.