Kwa Nini Tanga Ni Mbali?

Sisi watu wa Wasini tuna jamaa Tanzania. Wavumba wako Wasini na Vanga, na ng'ambo ya mpaka wako Jasini na Tanga. Mpaka wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na sidhani kama kuna mvuvi yeyote aliyeulizwa. Tangu hapo, kwenda kumwamkia mjomba ni safari ya nchi za nje. Nia yangu ni kueleza kwa nini safari hiyo ya basi huchosha mno, na saa zake hupotelea wapi.

Ukitazama ramani utasema ni karibu. Toka Shimoni hadi Tanga mjini ni kilomita mia na kidogo tu. Mabasi ya Kenya hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani basi lingefika kwa muda usiozidi saa mbili. Lakini hesabu ya darasani haina vituo! Watu wa kwetu hutoka alfajiri, na wako wanaofika Alasiri.

Kwanza kabisa, ni taabu kulipata basi lenyewe. Mabasi ya Tanga na Dar es Salaam huanzia Mombasa. Mtu wa Wasini huvuka kwa mashua hadi Shimoni, akapanda matatu hadi barabara kuu, kisha akasimama juani na mizigo yake. Basi likiwa limejaa, hupita kama halikuoni. Likiwa na nafasi, wako matingo wanaodai nauli nzima ya toka Mombasa. Ukibisha, waambiwa, "Basi ngoja la kesho!"

Pili, kuna mpaka: Lunga Lunga upande wetu, Horohoro upande wa pili. Zamani ulipigiwa muhuri wa kutoka huku, kisha ukapanga foleni nyingine kule ya kuingia. Siku hizi kuna kituo cha pamoja, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja na msafiri husimama mara moja tu. Hilo limesaidia. Hata hivyo basi si mtu mmoja. Abiria arubaini wakiwa na karatasi zao na mmoja hana, wote arubaini humngoja yeye. Isitoshe, mizigo nayo hushushwa na kufunguliwa na watu wa forodha.

Wengi hudhani kitambulisho chatosha. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo. Huko hutakiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sisi wanafunzi ambao hatujatimiza miaka 18 hata hicho kitambulisho hatuna.

Tatu, ukishavuka kuna trafiki, kuna mizani ya kupima uzito wa magari, na kuna vituo vya "kuchimba dawa". Mgeni hubaki kitini akijiuliza dawa gani, kumbe ni kwenda msalani! Anayeendelea hadi Dar es Salaam ana kilomita nyingine kama 350, kwa sababu barabara kuu huiacha pwani ikaingia bara hadi Segera na Chalinze, ndipo irudi baharini.

Huenda mtu akasema, hizo ni karaha tu, mwisho si utafika? Lakini katika dini yetu maiti hacheleweshwi. Mwaka jana kakake nyanya alifariki huko Tanga. Habari ilikuja asubuhi kwa simu, na maziko yalikuwa Alasiri. Nyanya alikuwa na karatasi zake zote. Abiria mmoja wa basi lile hakuwa na hata moja, na basi likakaa mpakani hadi mambo yake yakatengenezwa. Nyanya alifika Magharibi, watu wamesharudi makaburini. Hakumlaumu mtu, ila tangu siku hiyo hutuuliza kila mara karatasi zetu ziko wapi.

Kwa hiyo, wenzangu, barabara na mabasi si yetu kuyatengeneza, lakini karatasi ni zetu. Hati iombwe mapema, siku hizi huombwa kwa intaneti, na chanjo ichomwe kabla ya siku ya msiba. Tukumbuke kwamba mwaka 1977 mpaka huu ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Wazee wetu walitamani kwenda wasiweze. Leo mlango u wazi. Tusijifungie wenyewe, wala tusiwafungie wenzetu tuliopanda nao basi moja. Wahenga walisema, akiba haiozi.