Mbio za Ugonjwa na Mbio za Habari

  Mwalimu wa darasa, kabla hatujaanza, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mlipuko, taarifa, sifuri. Mawili ya kwanza tutayaeleza sasa hivi. La tatu mnalijua, lakini leo litakuwa na kazi kubwa kuliko mnavyodhani.

Mlipuko ni ugonjwa wa kuambukiza kutokea ghafula na kushika watu wengi kuliko desturi ya mahali pale. Taarifa ni habari inayopelekwa kwa mkubwa anayehusika, ikisema nani ameugua, wapi, na tangu lini. Somo letu ni juu ya taarifa hizo: jinsi zinavyotoka kijijini mpaka zikajulikana kwa mataifa yote, na kwa nini mara nyingine hazifiki.

Tuanze hapa hapa nyumbani, Pangani, mwaka wa 1869.

Wakati ule Pangani ulikuwa mji mashuhuri wa misafara. Watu walitoka hapo wakaenda bara mpaka nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu, kisha wakarudi pwani na mizigo vichwani. Upande wa pili, vyombo vya tanga vilivuka kwenda Unguja. Basi mji ulikuwa kama nyumba yenye milango miwili, mmoja wa bara na mmoja wa bahari, na yote miwili ilikuwa wazi daima.

Mwaka ule kipindupindu kiliingia kwa mlango wa bara. Wazee walikiita waba. Kilifika pamoja na watu wa misafara waliotoka Umasaini, kikashika mji, na kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimekwisha kuvuka maji mpaka Unguja. Huko kiliua watu kwa maelfu. Kutoka Unguja kikachukuliwa na vyombo kwenda Kilwa na Ngazija, na misafara mingine ikakirudisha tena bara kwa njia nyingine.

Unguja alikuwapo daktari mmoja wa Kizungu, jina lake James Christie. Watu wa pwani walizoea kuogopa ugonjwa uletwao na meli. Huu umetokaje bara? Christie akaanza kuuliza. Aliwauliza wafanya biashara, manahodha na watu wa misafara: mliona wapi wagonjwa, mwezi gani, mlipita njia ipi? Hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alikuwa na masikio tu. Lakini kwa kuunganisha maneno ya watu wale alipata njia nzima. Ugonjwa ulikuwa Maka katika hija ya mwaka wa 1865, ukaua mahujaji wengi. Ukavuka Bahari ya Sham ukaingia Habeshi, ukateremka kwa wafugaji wa kaskazini, ukafika kwa Wamasai, na mwishowe Pangani.

Hebu hesabuni. Kutoka 1865 mpaka 1869 ni miaka minne. Kwa miaka minne ugonjwa ulikuwa njiani kuja kwetu, na kila mahali ulipopita watu walijua, maana mtu aliyezika watoto wake hawezi kukosa kujua. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ni kumwambia jirani wa mbele. Christie aliandika kitabu, kikapigwa chapa London mwaka wa 1876. Ni kazi nzuri sana, na mpaka leo wataalamu huisoma. Ila ilikuja miaka saba baada ya msiba, na ilikwenda London, haikuja Pangani.

Mataifa ya Ulaya nayo yalikuwa yamekwisha kuona hatari hii. Wajumbe wa nchi 12 walikutana Paris mwaka wa 1851 wapatane juu ya kuzuia tauni, kipindupindu na homa ya manjano. Hawakupatana. Ilipita zaidi ya miaka 40, na mikutano mingi, kabla ya mkataba wa kwanza wenye nguvu, uliofanyika Venice mwaka wa 1892. Sababu moja ilikuwa ujinga: walikuwa hawajajua bado kipindupindu huenezwa na nini. Sababu nyingine haikuwa ujinga. Ilikuwa fedha. Meli ikiwekwa karantini, mali huoza na tajiri hupata hasara. (Neno karantini, ndugu wasikilizaji, latoka katika lugha ya Kiitaliano na asili yake ni arobaini. Meli zilizoshukiwa zilingojezwa siku 40.)

Kisha simu ikaja. Mwaka wa 1879 waya uliopita chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na habari iliyokuwa ikichukua majuma ikawa inafika siku ile ile. Mwaka wa 1925 Ushirika wa Mataifa, uliokuwapo kabla ya Umoja wa Mataifa, ulifungua ofisi Singapore. Bandari za mashariki zilipeleka huko simu kila juma kusema zina ugonjwa gani, na ofisi ikazitangaza kwa simu ya upepo. Shirika la Afya Duniani lilipoanzishwa mwaka wa 1948 lilirithi kazi hiyo, na mwaka wa 1951 likatoa kanuni moja kwa mataifa yote. Magonjwa ya kutolewa taarifa yalikuwa sita: kipindupindu, tauni, ndui, homa ya manjano, na homa mbili zinazoletwa na chawa.

Msidhani hayo yalikuwa mambo ya ng'ambo tu. Katika milima ya Lushoto, mkoani kwetu Tanga, tauni iliwasumbua watu kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20, na wagonjwa walioandikwa walizidi 7,000. Na wale wanaovuka Horohoro kwenda au kutoka Kenya wanaijua kadi ya manjano ya chanjo. Kadi ile ni tunda la kanuni hizo hizo.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Tuseme umeugua upele, na unajua ukimwambia jirani atakuzuia kuteka maji kisimani, na samaki wako hatanunua tena. Je, utamwambia? Serikali nazo hufikiri hivyo hivyo. Mwisho wa mwaka wa 1997 kipindupindu kilikuwa katika nchi za Afrika ya Mashariki, na taarifa zilitolewa kama ilivyotakiwa. Nchi za Umoja wa Ulaya zikakataza samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hapana haja ya kukataza. Hata hivyo katazo lilidumu mpaka katikati ya 1998, na wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki, hasa katika Ziwa Viktoria, walikosa riziki kwa miezi ile. Yaani aliyesema kweli alitozwa faini. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa baya, maana lilifundisha nchi nyingine kunyamaza.

Kwa hiyo kanuni zikaandikwa upya. Kanuni mpya zilikubaliwa mwaka wa 2005, zikaanza kazi tarehe 15 Juni 2007. Hazikusema magonjwa machache tu. Zilitoa maswali manne ya kujiuliza. Je, jambo hili ni zito kwa afya ya watu? Je, si la kawaida, au halikutazamiwa? Je, laweza kuvuka mpaka? Je, laweza kuleta vizuizi vya safari au biashara? Jibu likiwa ndiyo kwa maswali mawili au zaidi, nchi lazima itoe taarifa. Ina saa 48 za kupima jambo lenyewe, na saa 24 za kulipeleka mbele. Kwa upande mwingine, nchi nyingine zimeambiwa zisiweke vizuizi kupita kiasi bila sababu ya kitaalamu. Sehemu hii ya pili, nasikitika kusema, huvunjwa mara nyingi kuliko ya kwanza.

Tuifuate taarifa moja katika safari yake. Tuseme kuna dago la wavuvi karibu na Kipumbwi, wilaya ya Pangani. Mvuvi mmoja usiku anaanza kuharisha maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Wenzake wanampa maji yenye chumvi na sukari, na asubuhi wanampeleka zahanati. Hapo wamefanya vema mara mbili, kwa kumnywesha na kwa kumpeleka. Mganga wa zahanati hangoji mgonjwa wa pili. Kwa ugonjwa kama huu mmoja anatosha. Anaandika umri, mahali anapokaa, siku aliyoanza kuugua, naye hupeleka taarifa wilayani kwa simu ya mkononi siku ile ile.

Wilaya hutuma watu wakaulize: mmekunywa maji ya wapi, nani mwingine anaumwa, na, jambo kubwa sana pwani, nani ameondoka? Maana chombo kimoja cha dago huenda kimekwisha tweka tanga kwenda Unguja au Pemba. Sehemu ndogo ya kinyesi cha mgonjwa hupelekwa maabara. Mkoa hupata habari, kisha Wizara ya Afya. Wizara ina ofisi maalum ya kuzungumza na Shirika la Afya Duniani mchana na usiku, na kila nchi imetakiwa kuwa nayo. Jina la mvuvi yule halitangazwi kwa mataifa. Kinachokwenda ni hesabu, mahali na tarehe.

Tazameni mahali mnyororo huu unapoweza kukatika. Hauanzi Wizarani, unaanza dagoni. Wavuvi wakiona haya kwa kuwa watu husema kipindupindu ni ugonjwa wa wachafu, wakamficha mwenzao, ofisi zote zile huwa vipofu.

Sasa neno letu la tatu: sifuri. Kila juma zahanati hupeleka hesabu ya magonjwa yanayoangaliwa. Kama hapana mgonjwa, haitakiwi kukaa kimya. Hupeleka sifuri. Kwa nini kusumbuka kupeleka habari ya kitu kisichokuwapo? Kwa sababu sifuri ni neno lililosemwa na mtu aliyetazama. Ukimya waweza kuwa na maana tano: hapana ugonjwa, au mganga yuko safarini, au simu haina chaji, au mto umefurika, au watu wanakufa na hapana wa kuandika. Anayekaa Dodoma au Geneva hawezi kujua ni ipi.

Nchi yetu yenyewe ilipitia jambo hilo. Katika ugonjwa wa korona, hesabu za Tanzania zilikoma kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Zilibaki hapo zaidi ya mwaka mmoja. Hesabu ile haikuwa sifuri, ilikuwa ukimya, na Februari 2021 mkuu wa Shirika la Afya Duniani alisema hadharani kwamba anaiomba Tanzania itoe habari. Katikati ya 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, hesabu zilianza kutolewa tena.

Mfano wa karibu zaidi ulitoka Kagera, upande wa pili wa nchi, lakini mabasi ya bara hufika Tanga pia. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba limepata habari ya watu wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa wa Marburg huko. Kanuni za sasa zinaliruhusu kusikiliza habari zisizotoka serikalini, kisha kuiuliza serikali. Wizara ilijibu kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa. Vipimo vikaendelea, na tarehe 20 Januari Rais mwenyewe, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa Shirika hilo, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa wilaya ya Biharamulo. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Tangu tangazo la kwanza mpaka lile la Rais zilipita siku sita. Linganisheni na ile miaka minne ya waba.

Nimesema juu ya waliotozwa faini kwa kusema kweli. Haki nitaje pia waliopewa zawadi. Katika vita vya kumaliza ndui, mtu aliyeleta habari ya mgonjwa alilipwa fedha. Nchini Somalia, watafutaji wa wagonjwa walikwenda nyumba kwa nyumba, na hata mchungaji wa ngamia aliyeona upele alijua una thamani. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, mji wa pwani yetu hii hii kwa kaskazini, Oktoba 1977. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alipona. Watu waliokutana naye walitafutwa wote na kuchanjwa, na mwaka wa 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Sasa ni zamu yenu, wanafunzi. Kabla ya somo lijalo, wawili kati yenu waende zahanati ya karibu wamwulize Bwana au Bibi Mganga, kwa adabu, mambo haya: taarifa ya juma huipeleka siku gani, huipeleka kwa nani, na juma lililopita aliandika sifuri kwa magonjwa yapi. Andikeni majibu katika madaftari yenu. Mwalimu wa darasa atayasoma kwa sauti, na wale wanaotoka vijiji vya mbali na zahanati waseme ni nani kwao hupeleka habari ya mgonjwa, na kwa njia gani, mvua za masika zinapokata barabara.